Daktari Kompyuta wa Tandika

Tuliachana pabaya, msomaji. Juma lililopita tulimwacha Sista Bernadeta amesimama katikati ya chumba cha kompyuta, Zahanati ya Neema Mpya, Tandika, mkononi ana vipande viwili vya karatasi. Dakika moja nyuma vilikuwa karatasi moja. Alikuwa amekichana cheti kilichotolewa na Daktari Kompyuta mwenyewe, wagonjwa wote wakimwona, na mlangoni alikuwa ametokea Bwana Suhaib, mwenye zahanati, mwenye kompyuta, na mwenye gesti tatu kule Sinza.

Hakuna aliyekohoa. Hata wale waliokuja kwa ajili ya kikohozi.

"Sista," Bwana Suhaib akasema polepole, "umechana nini?"

"Uongo, bosi."

Kwenye benchi, binti wa miaka kumi na moja aitwaye Munira alikuwa amelaza kichwa kwenye mapaja ya mama yake, Mwajabu. Cheti kilichochanwa kilikuwa chake, na kilikuwa cha tatu katika siku tisa. Vyote vitatu vilisema maneno yaleyale: MALARIA. SINDANO TANO.

"Mtoto huyu ana siku kumi na moja za homa," Bernadeta akasema. "Keshachomwa sindano kumi za klorokwini, anajikuna mpaka ngozi imechubuka, na homa iko palepale. Mwili unawaka moto lakini mapigo ya moyo yanakwenda taratibu. Tumbo limejaa. Bosi, mie nimekaa wodi ya homa miaka kumi na saba kabla ya kupunguzwa kazi serikalini. Hii si malaria. Ni homa ya matumbo."

Bwana Suhaib akacheka. Alikuwa na kicheko cha mtu aliyezoea kulipwa kabla ya huduma.

"Maisha yako yote umewaona wagonjwa wangapi?"

"Nitajuaje, bosi?"

"Basi mwenzako anajua. Elfu nane! Wote wamo humu." Akakigonga kichwa cha kompyuta kwa upendo. "Hasahau, halali, haombi likizo ya uzazi."

"Na umeme ukikatika?" sauti ikauliza kutoka benchi la nyuma.

"Jenereta!" Bwana Suhaib akafoka bila kugeuka.

Mambo yalikuwa hivyo mwaka ule wa 1993. Zahanati za watu binafsi zilikuwa zimeruhusiwa, na kila kona ya Temeke ilikuwa na kibao chenye msalaba mwekundu. Ili kuwapita wenzake, Bwana Suhaib alikwenda Dubai akarudi na mashine. Akaiwekea chumba chenye kiyoyozi, akaifunika kitambaa cha kufuma, akaamuru kila anayeingia avue viatu. Wagonjwa wengi waliokuwa wakichemka kwa homa walisubiri nje juani. Mashine, ambayo haikuwa na homa, ilipepewa ndani. Nao watu walifurika. Kina mama walivaa khanga zao za arusi kuja kuulizwa na kompyuta kama wanaharisha.

Mwajabu akanyanyua uso. Alikuwa mjane, mwembamba, mwenye sauti ya chini.

"Sista, mie nakuheshimu," akasema. "Lakini sema kweli. Unamwonea kijicho."

"Namwonea nani?"

"Kompyuta."

Benchi zima likaguna kukubali. Bwana Suhaib akatabasamu, akaagiza cheti kichapwe upya, kisha akamgeukia Bernadeta.

"Kuanzia leo hugusi mgonjwa. Utakaa mlangoni uangalie viatu."

Munira akachomwa sindano ya kumi na moja, akabebwa mgongoni kurudishwa nyumbani. Miguu yake ilikuwa ikining'inia kama ya mtu aliyelala usingizi mzito.

* * *

Saa saba mchana Bwana Suhaib aliondoka kwenda Sinza kukagua magodoro. Bernadeta akaviacha viatu, akaingia ndani kimya.

Kwenye kompyuta alikuwepo Editha, binti wa miaka ishirini na miwili mwenye cheti cha kupiga chapa. Yeye ndiye aliyekuwa akiwauliza wagonjwa na kubonyeza majibu. Alipomwona Bernadeta, akaanza kulia kabla hajaulizwa.

"Dada Bernadeta, mie nimeagizwa tu!"

"Futa machozi. Hebu nieleze hiki kitu kinajuaje."

"Hakijui, dada. Kinalinganisha. Ukikipa mgonjwa, kinatazama wale elfu nane, kinasema aliyefanana naye aliumwa nini."

"Na hao elfu nane ni nani?"

Editha akatazama mlango.

"Ilipokuja ilikuwa na wagonjwa wa huko ilikotoka, wenye magonjwa ya kila aina. Bosi akasema hao si wa kwetu, wafutwe. Akanunua madaftari ya zahanati moja iliyofungwa, mie nikayaingiza yote. Miezi mitano, dada! Sasa karani wa zahanati ile alikuwa mtu wa kupenda kuwahi nyumbani. Aliandika malaria asubuhi, ukurasa mzima mpaka chini, kisha akangoja wagonjwa waje kujaza majina."

"Homa ya matumbo imo?"

"Haimo. Haijawahi hata kuisikia."

Bernadeta akavuta kiti, asikikalie. Akakitazama.

"Mpime huyu."

"Nani?"

"Huyu. Jina: Kiti."

Editha akaangua kicheko katikati ya machozi, lakini akabonyeza. Umri? Miaka miwili. Homa? Hapana. Kuharisha? Hapana. Anakula? Hapana. Hapo kwenye kutokula mashine ilionekana kuingiwa na wasiwasi. Ikafikiri. Printa ikaanza kusaga, kri-kri-kri, karatasi ikatoka:

JINA: KITI. UMRI: 2. UGONJWA: MALARIA. SINDANO TANO.

Bernadeta akaichukua karatasi ile, akavaa viatu vyake, akatoka. Viatu vya wagonjwa akaviacha vijiangalie vyenyewe.

* * *

Alimkuta Mwajabu kibarazani kwake anamkanda Munira kwa kitambaa cha maji. Mtoto alikuwa akiweweseka, anawaita watu wasiokuwepo.

"Nimekuja na cheti kingine," Bernadeta akasema.

"Cha nani?"

"Soma mwenyewe."

Mwajabu alisoma polepole, midomo ikitembea. Akasoma mara ya pili. Akainua macho.

"Kiti ni jina la mtu?"

"Ni kile kiti cha mbao kilicho karibu na dirisha. Ulikikalia asubuhi ulipokuwa ukiulizwa."

 Mwajabu aliikunja karatasi mara nne, ikawa ndogo kabisa, akaitia kifuani. Kisha akasimama, akamvisha mtoto wake gauni safi.

"Twende unakotaka, Sista."

Wakakodi teksi mpaka hospitali kubwa. Daktari wa zamu, mzee mmoja aitwaye Ansbert, alilibonyeza tumbo la Munira mara moja tu, uso ukabadilika.

"Homa ya matumbo. Nani alikuwa akimtibu?"

"Kompyuta," Mwajabu akajibu, akaona haya.

"Mngekaa siku mbili zaidi, utumbo ungetoboka. Mlazeni." Alipomaliza kutundika dripu akamvuta Bernadeta pembeni. "Sista, homa hii haitembei peke yake. Wako wengine?"

Bernadeta akafungua mkoba, akatoa daftari la shule lenye jalada la bluu. Tangu mwanzo wa mwezi alikuwa akiandika kila mgonjwa ambaye homa yake haikusikia sindano: jina, mtaa anakokaa, siku za homa, hali ya tumbo, na mwisho wa kila mstari jina la aliyechukua habari, kama alivyofundishwa wodini.

Dokta Ansbert akahesabu kwa kidole.

"Kumi na tisa. Mitaa mitatu, tena inapakana." Akamrudishia daftari. "Tafuta maji wanayokunywa."

* * *

Kesho yake Bernadeta alizunguka nyumba kwa nyumba nyuma ya soko la Tandika. Kila alipoingia alimwandikia mgonjwa barua ya kwenda kwa Dokta Ansbert, akawaambia wenye nyumba wachemshe kila tone, kisha akauliza swali moja. Mabomba ya mitaa ile yalikuwa makavu tangu Ramadhani. Maji ya kunywa mnapata wapi?

"Kwa mama Munira," nyumba ya kwanza wakasema. "Maji yake matamu."

"Kwa mama Munira," wakasema nyumba ya pili.

Kufika nyumba ya sita Bernadeta alikuwa akiuliza huku anaomba Mungu jibu liwe jingine. Halikuwa. Alipotoka ya mwisho, alielekea moja kwa moja kwa mama Munira.

Alimkuta Mwajabu uani, karudi kutoka hospitali kuchukua uji, anasuuza ndoo za wateja. Kisima kilikuwa pale katikati, kimefunikwa bati. Hatua saba kutoka kisimani kulikuwa na choo kipya cha shimo. Kile cha zamani kilibomoka kwa mvua za masika.

Bernadeta alitazama kisima, akatazama choo. Mwajabu akamwona anavyotazama. Ndoo ikamdondoka.

"Usiseme," akasema.

"Mama Munira..."

"Usiseme, Sista, nakuomba! Baba Munira alikichimba kwa mikono yake mwenyewe. Tangu afariki, kisima hiki ndicho kinachotulisha. Fundi wa choo aliniambia hapa panatosha, mie ningejuaje? Wakijua watu mimi ndiye niliyewanywesha, watanibomolea nyumba hii mtoto angali hospitali!"

"Mtoto mwenyewe alikuwa akinywa humohumo."

Mwajabu akakaa chini, pale pale kwenye tope. Alilia bila sauti, kitambaa cha kichwani kakiuma kwa meno.

Bernadeta naye alichuchumaa. Alikuwa mwanamke wa Newala, kwenye shida ya maji, alijua thamani ya kisima, na alijua pia nyumba inavyobomolewa na majirani. 

"Funga kisima sasa hivi, nikiona," akasema mwishowe. "Asichote mtu hata kikombe. Waambie kimekauka. Munira akitoka hospitali, tutakwenda pamoja kwa bwana afya, utasema mwenyewe. Mpaka siku hiyo mie sitafungua mdomo."

"Unaapa?"

"Naapa."

Mwajabu akatia kufuli, akazigeuza ndoo zote kifudifudi. Na Bernadeta, kwa huruma yake, hakuandika neno kisima popote katika daftari lile la bluu.

Huruma hiyo, msomaji, ndiyo iliyotaka kumuua.

* * *

Jumamosi asubuhi Zahanati ya Neema Mpya iliamka na turubai, spika mbili na kreti za soda. Bwana Suhaib alikuwa akimzindua Daktari Kompyuta rasmi, ingawa alikuwa akitibu tangu mwezi wa tatu. Mgeni rasmi alikuwa mkubwa mmoja wa mambo ya afya, mnene, mwenye suti ya Kaunda. Waandishi wa habari wawili walikuja, mmoja kwa habari, mmoja kwa soda.

Bernadeta alikuwa mlangoni na viatu. Alikuwa amelitafuta daftari lake tangu jana, alipouacha mkoba mlangoni pale, bila kuliona. Mgeni rasmi alipovua kiatu, soksi ya kushoto ilikuwa na tundu, na kidole gumba kikatoka nje kuangalia sherehe.

Dirisha la chumba cha kompyuta liliachwa wazi ili watu wote waone. Bwana Suhaib akashika kipaza sauti.

"Mheshimiwa, wananchi! Mnajua kuna homa imezingira mitaa yetu. Watu kumi na tisa! Madaktari wenye vitabu wameshindwa kusema imetoka wapi. Leo, mbele yenu, Daktari Kompyuta atasema!"

Akainua juu daftari la shule lenye jalada la bluu.

Bernadeta akanyanyuka. "Lile ni langu," akasema, lakini spika zilikuwa zikipiga taarabu.

"Habari zote za wagonjwa ziko humu," Bwana Suhaib akaendelea, "zilizokusanywa na zahanati yangu kwa utaalamu mkubwa. Zimeingizwa zote usiku wa jana. Mheshimiwa, naomba ubonyeze uiulize: hawa kumi na tisa wana nini cha pamoja?"

Mgeni rasmi akabonyeza kwa kidole kimoja, kichwa kakirudisha nyuma kana kwamba mashine inaweza kuuma. Kiyoyozi kikanguruma. Printa ikaanza, kri-kri-kri.

Bwana Suhaib aliinyakua karatasi, na kwa kuwa alikuwa na haraka ya kusikika, akaisoma kwa sauti kabla ya kuisoma kwa macho.

"Ugonjwa: malaria! Idadi ya wagonjwa: kumi na tisa! Kilichokutwa kwa wote kumi na tisa..."

Akasita. Akaisogeza karatasi karibu.

"...Bernadeta."

Taarabu ikazimwa. Kwa mstari ule mmoja, mbu wote wa Temeke waliachiliwa huru.

Editha aliruka kutoka kwenye kiti chake, akaja mlangoni, akainama karibu na sikio la Bernadeta. "Dada, ile safu ya mwisho!" akanong'ona. "Kila mstari umeandika jina lako kama mwandishi. Mie nikaliingiza. Mitaa ni mitatu, haifanani. Siku hazifanani. Kinachofanana ni wewe tu!"

"Huyo Bernadeta ni nani?" mgeni rasmi akauliza. "Yuko wapi?"

Bwana Suhaib akaitazama karatasi tena. Ungemwona usoni ungedhani ataicheka karatasi ile, maana si mjinga. Lakini kamera ilikuwa imemwelekea, na mashine ilikuwa imemgharimu. Akachagua.

"Huyo hapo, mheshimiwa. Ndiye aliyeshika viatu vyako."

Mgeni rasmi, ambaye hakutaka kuonekana mshamba mbele ya mashine, akatikisa kichwa kama mtu aliyekuwa akilijua jambo hilo tangu zamani. "Inawezekana kabisa kitaalamu," akasema. Mwandishi mmoja akaandika hivyohivyo.

"Jamani, hilo ni jina la aliyeandika!" Bernadeta akapaza sauti. "Fungueni daftari mtazame!"

Mzee mmoja akasimama. "Kwangu alikuja juzi, kaingia mpaka chumbani!"

"Na kwangu!"

"Kwangu kamshika mwanangu tumbo!"

"Nyumba zote kumi na tisa kazizunguka," Bwana Suhaib akasema kwa huzuni iliyopimwa vizuri. "Mashine haina ugomvi na mtu, wananchi. Inasema ilichokiona."

Watu wakaanza kusogea. Viti vya kukodi vikaanguka. Bernadeta akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, bado kakumbatia kiatu cha mkubwa kama mtoto mchanga.

"Ngojeni!" mgeni rasmi akainua mkono. "Tufuate utaratibu. Kuna yeyote hapa mwenye mgonjwa anayemjua mama huyu vizuri?"

 Kisha mtu wa mwisho kabisa, karibu na geti, akaonekana. Alikuwa Mwajabu, ana chupa ya uji mkononi, anapita kwenda hospitali. Watu wakampisha njia wenyewe. Roho ya Bernadeta ikashuka mahali pake. Ameokoka.

"Mwanao ni mmoja wa wagonjwa?" mgeni rasmi akamuuliza.

"Ndiyo."

"Huyu sista unamjua?"

Mwajabu alimtazama Bernadeta. Akawatazama majirani, watu wa ndoo zile, mmoja baada ya mwingine. Akaikumbatia chupa.

"Namjua," akasema kwa ile sauti yake ya chini, watu wakanyamaza wamsikie. "Ndiye aliyemchukua mwanangu hapa akampeleka anakokujua yeye. Tangu Munira ashikwe na mikono yake... hajasimama."

Uwanja ukalipuka. Mtu akamvuta Bernadeta kilemba chake cha kazi, mwingine akaokota jiwe. Editha akapiga kelele. Askari mmoja aliyekuwa akinywa soda akaiweka chini bila haraka, akaanza kupenya katikati ya watu.

"Jitetee!" mgeni rasmi akafoka juu ya kelele. "Kama si wewe, Sista, ni nini basi? Ni nani?"

Jibu lilikuwa mdomoni kwake, jepesi, la maneno matatu tu. Lingemwondoa ukutani pale, nalo jiwe lile lingegeuka kumtafuta mtu mwingine. Akamwona Munira kitandani, na dripu, na mkono mdogo uliomshika kidole wakati wa kuaga. Akauona uso wa Mwajabu, na juu ya uso ule hapakuwa na chuki hata kidogo; palikuwa na hofu tupu.

Na alikuwa ameapa.

Jiwe la kwanza likapiga dirisha, vioo vikamwagika juu ya kompyuta. Askari akamshika mkono.

"Unajua au hujui?" mgeni rasmi akauliza.

"Najua," Bernadeta akasema.

Mwajabu akafumba macho.

Itaendelea juma lijalo.